Anayeongoza mchezo asipunjwe, wala asijipendelee

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu mzazi mwenzangu wa Makorora, ambaye wiki mbili zilizopita alieleza kwa uchungu jinsi kijana wake alivyojitoa katika kikundi cha mchezo wa kuigiza wahusika baada ya wenzake kumwita mbinafsi, na ambaye kwa sababu hiyo alishauri kwamba michezo ya namna hiyo isipewe nafasi katika vituo vya vijana vya Jiji la Tanga kwa kuwa inazaa ugomvi. Ninauheshimu uchungu wake. Lakini mimi ni mwalimu wa hisabati ambaye nimeucheza mchezo huo kwa miaka sita, kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri, kwenye baraza ya nyumba moja ya Ngamiani, na ugomvi aliousimulia naujua vizuri kwa sababu ulikaribia kukivunja kikundi chetu pia. Kwetu, chanzo chake hakikuwa mchezo. Kazi ya kuongoza ilikuwa imemwelemea mtu mmoja, na hakuna aliyekaa chini kuhesabu inamgharimu nini.

Kwa wasomaji wasioujua mchezo wenyewe, nieleze kwa ufupi. Watu watano au sita huketi pamoja, na kila mmoja huwa na mhusika wake, ambaye nguvu zake, udhaifu wake na mali zake zimeandikwa kwenye karatasi. Mmoja wao, ambaye sisi humwita mwongozaji na vijana wengi humwita masta, siku hiyo hamchezei mhusika wake. Yeye ndiye anayeisimulia dunia ambamo wahusika wa wenzake wanatembea, anawasemea watu wote wanaokutana nao njiani, na anaamua kanuni inasemaje pale jambo linapoingia utata. Mchezaji husema mhusika wake anafanya nini, na pale ambapo matokeo hayana hakika hurushwa dadu, mara nyingi ile ya pande 20. Bibi zetu walipoanza hadithi kwa paukwa, sisi tuliitikia pakawa na kunyamaza kusikiliza. Hapa msikilizaji huingia ndani ya hadithi na kuamua kama mlango utafunguliwa au hautafunguliwa.

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, na nafasi ya mwongozaji ina asili yake katika michezo ya vita waliyojifunzia maofisa wa Prussia, dola ya zamani ya Kijerumani, ambako kanuni za ofisa wao Reisswitz za mwaka 1824 zilimweka refa kati ya pande mbili. Naitaja historia hiyo kwa sababu moja: refa wa Prussia hakuwa na jeshi lake mezani. Mwongozaji wa leo, katika kikundi kinachopeana zamu, analo. Mwezi huu ni refa, mwezi ujao ni mchezaji, na mhusika wake anaishi katika dunia ileile ambayo yeye mwenyewe alikuwa akiiamulia. Hapo ndipo suala la haki linapoanza, na kanuni za vitabuni haziligusi sana.

Sisi watu wa Tanga tuna mahali pa kulielewa suala hili bila kusoma kitabu chochote. Wengi wetu tunacheza upatu, ambao mtaani nao huitwa mchezo, na tunajua kwamba upatu husimama au huanguka kwa kijumbe. Kijumbe hukusanya, huandika, huwafuata majumbani waliochelewa, na husikiliza maneno ambayo wengine hawayasikii. Katika upatu niliowahi kuucheza mimi, tulikubaliana siku ya kwanza, mbele ya wote, kwamba kijumbe atapokea mwanzo kwa ajili ya usumbufu huo. Kama tusingempa chochote, angechoka na kutuachia daftari. Kama angejipa mwenyewe bila kutuambia, tungemwita mwizi, na tungekuwa na haki. Mwongozaji wa mchezo wetu wa Jumamosi yuko katika hali hiyohiyo, ila sisi kwa miaka miwili hatukuliona hilo, pamoja na kwamba wanne kati yetu walikuwa wanachama wa upatu.

Nieleze hesabu iliyotufumbua macho. Tulikuwa watu sita, na katika miaka hiyo miwili tulimaliza hadithi nane. Tulikubaliana kwa maneno kwamba tutapeana zamu ya kuongoza, lakini zamu hizo hatukuziandika popote, na kwa hiyo aliyekuwa tayari ndiye aliyeongoza. Fundi baiskeli mmoja, mtu mwenye kipaji cha kusimulia ambacho sijakiona kwa mwingine, aliongoza hadithi tano. Mimi na wenzangu wawili tuliongoza moja moja. Wawili waliobaki hawakuongoza hata moja. Tulikuwa tumepatana kwamba kila hadithi impatie kila mhusika aliyeshiriki pointi 900 za uzoefu, ambazo zikikusanyika humpandisha daraja la nguvu, na mhusika wa mwongozaji, kwa kuwa hakuwemo, hakupata kitu. Katika kanuni tunazozitumia, mhusika huingia daraja la 4 akifikisha pointi 2,700 na daraja la 5 akifikisha pointi 6,500. Basi wale wawili ambao hawakuongoza kamwe walikuwa na pointi 7,200, na wahusika wao walikuwa daraja la 5. Sisi watatu tulioongoza mara moja tulikuwa na pointi 6,300, tukapungukiwa na pointi 200 na kubaki daraja la 4. Fundi wetu, aliyetubeba kwa hadithi tano, alikuwa na pointi 2,700 tu, yaani alikuwa ndiyo kwanza anaingia daraja hilo la 4. Tofauti hiyo si ya jina. Ni katika daraja la 5 ambapo askari huanza kupiga mara mbili ndani ya zamu moja na mchawi hupata uwezo wa kurusha mpira wa moto. Kikundi chetu, bila mtu yeyote kukusudia, kilikuwa kikiwalipa watu kwa kutoongoza.

Na hapo sijahesabu saa. Mimi nikiongoza, mchezo wa saa tatu hunigharimu takriban saa sita za maandalizi katikati ya wiki: kuchora ramani, kuwapa watu wa hadithi majina na tabia, kufikiria njia tatu ambazo wachezaji wanaweza kuzifuata huku nikijua kwamba watafuata ya nne. Mchezaji wa kawaida hufika na kalamu yake na karatasi yake. Ni kazi ninayoipenda sana, na sidai mshahara. Lakini kuipenda kazi si sababu ya kumfanya mtu aifanye kwa hasara.

Fundi alipoomba, kwa upole kabisa, kwamba mhusika wake naye apewe pointi kwa hadithi alizoziongoza, tulimjibu kwamba mhusika ambaye hakuingia pangoni hawezi kujifunza kupigana pangoni, na mmoja wetu akaongeza neno lilelile ambalo kijana wa Makorora aliambiwa. Mimi sikulisema, lakini nililisikia na sikulipinga. Jumamosi iliyofuata fundi hakuja, wala ile iliyofuata. Tulijaribu kucheza bila yeye na tukagundua kwamba hakuna aliyejua nini kilikuwa nyuma ya mlango wa chuma tuliouacha umefungwa, kwa sababu siri zote za hadithi zilikuwa kichwani mwake. Nililazimika kwenda kibandani kwake kumwomba radhi, na nilikwenda na ile hesabu niliyoiandika hapo juu kwenye karatasi, kwa kuwa radhi ambayo haijui imekosea wapi haina uzito mbele ya mtu mzima.

Lakini haki haina budi kutazamwa pande zote mbili, na nisingependa mzazi mwenzangu afikiri kwamba mwongozaji ndiye mwenye kudhulumiwa siku zote. Fundi alipokuwa hayupo, mwenzetu mwingine alichukua zamu akaamua kumwacha mhusika wake aendelee kuwamo ndani ya hadithi aliyoiongoza yeye mwenyewe. Katika hadithi hiyo wahusika walivuka kwenda Kisiwa cha Toten, kati ya makaburi ya kale na magofu ya misikiti, na katika handaki la kubuni chini ya magofu hayo wakakuta upanga uliofunikwa kwa nguo. Upanga ule, kwa maelezo ya mwongozaji, ungeweza kushikwa na mpiganaji wa aina moja tu, na mpiganaji wa aina hiyo kikundini alikuwa mmoja tu, naye ni wa kwake. Hakuna aliyegomba. Watu walinyamaza, wakamaliza chai yao, wakaaga. Nakumbuka ukimya ule kuliko ninavyoukumbuka ugomvi wote, kwa maana ugomvi angalau humwambia mtu kosa lake.

Baada ya hapo tulikaa, wote sita, na kuandika makubaliano katika daftari la shule ambalo bado tunalo. Kanuni tuliyoiweka mbele ya nyingine zote ni kwamba mhusika wa mwongozaji hupata pointi sawasawa na anayepata nyingi kati ya walioshiriki, na katika muda wa hadithi hiyo hayupo; amesafiri, anaumwa, ana arusi ya kwao Muheza, yuko popote pale ila si mbele ya hazina ambayo bwana wake ameificha kwa mkono wake. Hivyo anayeongoza hapungukiwi na chochote kwa kuongoza, wala hapati njia ya kujinufaisha kwa kuongoza. Wako wanaosema kwamba jambo hili linaharibu ukweli wa hadithi, kwa hoja ileile ya pango. Wanaosema hivyo wangefaidika kuutazama mchezo wa Ars Magica, uliotungwa na Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen na kutolewa mwaka 1987, ambao uliandaliwa tangu mwanzo kwa ajili ya vikundi vinavyopeana uongozi. Humo kila mchezaji ana mchawi wake, wote wakiishi katika makao mamoja, na miaka inahesabiwa kwa majira. Mchawi asiyetoka kwenda safarini hubaki nyumbani akisoma na kufanya kazi katika maabara yake, na kusoma huko nako humkuza. Kwa hiyo siku ambayo mwenye mchawi anaongoza, mchawi wake yuko maktaba, na anaendelea kukua bila mtu kuona ajabu. Walinzi na watumishi wa makao hayo huweza kuwa mali ya kikundi chote, na yeyote anaweza kumchukua mmoja wao kwa siku hiyo. Sisi tuliichukua fikra hiyo tukaiweka Tanga: mhusika asiyesafiri hubaki bandarini akijifunza kazi, na mabaharia wa jahazi letu hawana mwenyewe.

Jambo lililotusumbua zaidi, na ambalo napenda vijana wanaoanza walifikirie mapema, ni siri. Mwongozaji mmoja anapoijua dunia yote, wengine hawawezi kuongoza ndani yake bila kumharibia. Mwaka wetu wa tatu mwongozaji mmoja alimuua mzee mvuvi ambaye mwongozaji aliyemtangulia alikuwa amempa, bila kumwambia mtu, siri nzima ya nani aliyeizamisha meli. Aliyemuua hakuwa na nia mbaya. Hakujua tu. Tukaamua kuigawa dunia kwa maeneo. Fundi alichukua Mapango ya Amboni na kila kilicho chini ya ardhi, na yeyote aliyewahi kuingia mapango yale, taa ya mwongoza wageni ikazimwa kidogo na popo wakasikika juu ya kichwa chake, ataelewa kwa nini hakuna aliyebishana naye. Mwenzetu ambaye ni muuguzi, na ambaye baba yake alikuwa baharia, alichukua bahari kutoka Tanga hadi Pangani na kuvuka hadi Pemba. Mimi nilipewa milima ya Usambara. Ndani ya eneo lake, mwongozaji ana neno la mwisho. Nje ya eneo lake, watu na vitu ni vya kuazima, na cha kuazima hurudishwa kama kilivyochukuliwa, au mwenyewe huulizwa kwanza. Mtu akiongoza safari ya baharini na wahusika wakataka kuingia pangoni, safari husimama pale mlangoni mwa pango, na Jumamosi inayofuata fundi ndiye anayeketi kitini. Zamu zetu tangu siku hiyo zinakwenda kwa hadithi inavyokwenda, wala hatuzigawi kwa kalenda, lakini karani wetu huandika ni nani ameongoza mara ngapi, na tofauti ikizidi hadithi mbili tunaizungumza.

Liko jambo la lugha pia, ambalo sijaona likizungumzwa. Vitabu vya michezo hii vimeandikwa kwa Kiingereza kigumu, na katika vikundi vingi vya hapa kwetu anayeishia kuwa mwongozaji si mwenye kupenda kuongoza bali ni mwenye kusoma Kiingereza vizuri kuliko wenzake. Hutwishwa kazi, na papo hapo hupewa mamlaka makubwa mno, kwa sababu hakuna mwingine anayeweza kufungua kitabu na kumwambia kwamba amekosea. Zamu haiwezi kuwepo mahali ambapo kanuni anaijua mmoja. Mwezi wa Januari 2023 wenye Dungeons & Dragons waliweka kanuni zao za msingi, hati yenye kurasa zipatazo 400, chini ya leseni ya Creative Commons inayomruhusu mtu yeyote kuzinakili na kuzitafsiri mradi ataje zilikotoka. Tulichapa sura tulizozihitaji steshenari, tukagawana kurasa, na kila mtu akatafsiri fungu lake kwa Kiswahili na kuwasomea wenzake. Tafsiri zetu si nzuri, na juu ya maneno mengine bado tunabishana. Lakini binti wa fundi, ambaye ameishia darasa la saba na hasomi Kiingereza, sasa anaweza kunionyesha mstari na kuniambia, "Mwalimu, hapa umekosea," nami nasoma na kukuta ni kweli.

Wapo wasioweza kuongoza, na kuwalazimisha si haki bali ni adhabu. Mmoja wa wale wawili wenye pointi 7,200 alijaribu, akashikwa na kigugumizi cha woga, na tukakubaliana naye kwamba yeye ndiye atakayetunza daftari, atakayechora ramani kwa maelekezo ya mwongozaji wa siku, na atakayetukumbusha kanuni. Ni mzigo wa kweli na anaubeba vizuri. Mwingine hakutaka kuongoza wala kufanya kazi nyingine yoyote, alitaka kucheza tu. Huyo hatukumfukuza, ila tulimwambia wazi kwamba chai na vitafunwa vya Jumamosi ni juu yake, akacheka, akakubali, na mihogo yake ya kukaanga imekuwa sehemu ya mchezo. Kuna michezo mingine isiyo na mwongozaji kabisa, kama Fiasco wa Jason Morningstar uliotolewa mwaka 2009, ambamo kila mtu zamu yake ikifika huchagua ama kuliandaa tukio na kuwaachia wenzake mwisho wake, ama kuamua mwisho wake wakati wenzake wameliandaa. Tumeujaribu mara mbili na tuliufurahia, ijapokuwa kwa hadithi ndefu ya miezi bado naona mwongozaji anahitajika.

Kuhusu dadu nitasema machache. Vitabu humruhusu mwongozaji arushe dadu nyuma ya kadibodi ili wachezaji wasione, na baadhi ya waongozaji hutumia nafasi hiyo kubadili matokeo ili hadithi iwe tamu. Mimi siafiki. Katika kikundi kinachopeana zamu, ambapo mwongozaji wa leo ana mhusika anayewangoja wenzake bandarini, dadu irushwe kwenye sinia katikati ya mkeka, kila jicho likiiona.

Kwa mzazi wa Makorora: sijui kikundi cha kijana wako kinakaa wapi, na sina haki ya kuwahukumu wenzake. Lakini umeandika kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiongoza tangu mwaka jana, na kwamba neno la ubinafsi lilitoka siku aliyodai chake. Kabla hujamzuia kucheza, mketishe umuulize ameongoza hadithi ngapi, wenzake wameongoza ngapi, na mhusika wake yuko daraja la ngapi ukilinganisha na wa kwao. Akikujibu, mpe karatasi aandike. Sisi tuko Ngamiani kila Jumamosi, na kiti kipo.

Mwalimu wa hisabati,
Chumbageni, Tanga